Bamba la picha la Dickens: je, niling'arishe na kulipiga chapa?

SWALI: Katika mnada mmoja hapa Leicester nimenunua seti kamili ya vitabu vya mwandishi Charles Dickens iliyotolewa na Nonesuch, kampuni ya uchapishaji ya Uingereza, pamoja na kasha lenye bamba la feleji la mojawapo ya picha za riwaya yake ya Bleak House. Bamba lina madoa ya kutu. Dalali mmoja amenishauri nilisugue hadi ling'ae, nipige chapa nakala kadhaa kwenye karatasi kuukuu, kisha niziuze kama picha asilia za Phiz, mchoraji wa vitabu vya Dickens, kwa kuwa zitakuwa zimetoka kwenye bamba lenyewe. Je, ushauri wake ni sahihi?

JIBU: Si sahihi hata kidogo, na nakuomba usiliguse bamba hilo kwa msasa, kwa dawa ya kung'arishia chuma, wala kwa ndimu na majivu. Ushauri wa namna hii huletwa kwangu mara kwa mara, na kwa kawaida huletwa baada ya mtu kukwisha kusugua, wakati ambapo hakuna tena la kufanya.

Unajua tayari kwamba seti yako ni ya miaka ya 1937 na 1938, kwa hiyo sitairudia historia yote. Nitagusa jambo moja tu, kwa sababu ndilo linaloonyesha uzito wa ulichonacho. Francis Meynell na wenzake wa Nonesuch hawakuchagua idadi ya seti kwa kukisia soko. Walinunua kutoka kwa wachapishaji Chapman & Hall mabamba na vibao vya picha za zamani za Dickens, vikapatikana 877, nao wakatoa seti 877, ili kila mnunuzi apate kimoja. Toleo zima lilikatwa kwa kipimo cha mabamba. Bamba lako si zawadi iliyoambatishwa kwenye vitabu; ni kiungo cha toleo lenyewe. Barua ya Arthur Waugh wa Chapman & Hall, iliyotolewa pamoja na bamba kuthibitisha uhalali wake, nayo ni kiungo vilevile, na ninasikitika kila ninapoona barua imeuzwa huku na bamba kule.

Sasa tuitazame kutu. Katika bamba la feleji lililochimbwa kwa asidi, mistari ya mchoro imo ndani, chini ya uso wa chuma, na wino hukaa katika kina cha mistari hiyo wakati uso unapofutwa. Ukisugua, huondoi uchafu peke yake, bali unaushusha uso wenyewe, na mistari inabaki na kina kidogo zaidi. Mistari myembamba ndiyo isiyo na kina kirefu, kwa hiyo ndiyo inayotoweka kwanza. Hasara hiyo ni kubwa zaidi katika Bleak House kuliko karibu kitabu kingine chochote cha Dickens, kwa sababu kumi kati ya picha zake 40 ni zile za giza, ambamo bamba lilitiwa kwanza kwa mashine mistari mingi sambamba iliyosongamana, kisha Hablot Knight Browne, ambaye ndiye Phiz, akaijenga juu yake mivuli kwa asidi na kuupata mwanga kwa kulainisha chuma. Giza la Tom-all-Alone's, mtaa wa mafukara katika riwaya hiyo, limo katika mistari hiyo myembamba. Ikiwa bamba lako ni mojawapo ya hayo kumi, dakika chache za msasa zinatosha kuliacha na umbo la nyumba lisilo na usiku.

Kutu hafifu iliyotulia haina haraka. Lishike bamba kwa glavu, maana chumvi ya vidole huanzisha kutu mpya. Lihifadhi mahali pakavu pasipobadilika joto ovyo. Lifunge kwa karatasi isiyo na asidi. Kutu ikiendelea kula, mpelekee mhifadhi wa vyuma vya makumbusho, ambaye atafanya kazi chini ya darubini na kulipaka nta ya kinga. Fundi anayekuahidi bamba ling'ae kama kioo kwa jioni moja hajui anachokishika.

Lakini linalonikera zaidi ya msasa ni neno «asilia». Bleak House ilitoka kwa sehemu za kila mwezi, tangu Machi 1852 hadi Septemba 1853, na picha iliyopigwa chapa wakati huo kwa ajili ya sehemu hizo ni kazi ya wakati huo: karatasi yake, wino wake, mkono wa mchapaji wake. Picha utakayoipiga leo ni chapa mpya ya bamba la zamani. Si aibu kuwa nayo, mradi iitwe hivyo na iandikwe mwaka ilipopigwa. Kuichapa kwenye karatasi iliyong'olewa katika kitabu cha zamani ili mnunuzi adhani ni ya 1853 ni ulaghai, hata kama bamba ni halali kabisa. Tena kwamba picha imetoka kwenye bamba lenyewe si hoja yenye nguvu kama dalali anavyodhani, kwa sababu tangu Pickwick, riwaya ya kwanza ya Dickens, Phiz alilazimika kuchora baadhi ya picha kwenye zaidi ya bamba moja kadiri mabamba yalivyochakaa kwa wingi wa nakala zilizotakiwa.

Kwa hiyo wengine wote mnaouziwa picha moja moja za Phiz zilizotiwa fremu, msitosheke na cheti kinachosema imetoka kwenye bamba la Dickens, kwa kuwa hata chapa ya mwaka jana inaweza kupewa cheti hicho bila neno la uongo ndani yake. Takeni picha itolewe kwenye fremu muione karatasi pande zote mbili, na mtakeni muuzaji aandike kwenye risiti, kwa mkono wake, mwaka ambao picha ilipigwa chapa. Asipokubali kuandika, mwachieni picha yake.