Maswali yenu: stroberi, bluberi na ndugu zao wa porini

Miche yangu yote ya stroberi imetokana na mche mmoja niliopewa na jirani. Kuna ubaya? (Mkulima, Limuru)

Kwa kula na kuuza, hakuna. Ila kila mche unaoota kwenye kijitawi kinachotambaa una vinasaba vilevile vya mama yake, na udhaifu uleule. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote. Tafuta miche safi ya aina nyingine, uipande tuta la pembeni.

Shikamoo mwalimu. Stroberi za porini ni vitunda vidogo tu. Kwa nini watafiti wazihangaikie? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Kwa sababu hizi kubwa zimetoka hukohuko. Mwaka 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi kwao na miche michache ya Chile. Ilikuwa ya kike, haikuzaa vizuri mpaka ilipopata chavua ya stroberi za Amerika Kaskazini. Chotara wao ndiye tunayemuona sokoni.

Msingi huo ni mwembamba, ndiyo maana wataalamu hurudi porini. Miaka ya 1950 Royce Bringhurst wa California alichukua mimea kwenye milima ya Wasatch, Utah, yenye kutoa maua bila kujali urefu wa mchana. Aina za shambani zenye sifa hiyo zilitoka 1979, na zimewapa wakulima msimu mrefu wa kuchuma.

Kisa cha bluberi ndicho ninachokipenda zaidi. Elizabeth White wa New Jersey alianza kazi mwaka 1911 pamoja na mtaalamu wa mimea Frederick Coville. Aliwalipa watu wanaolijua pori wamtafutie vichaka vyenye matunda makubwa, akawapa kipimo chenye tundu la karibu milimita 16: tunda likipenya, kichaka hicho kiachwe. Kichaka alichokipata Rube Leek kikaitwa Rubel, na hadi leo kinalimwa. Maabara ilitanguliwa na macho ya wachumaji, na wanastahili heshima hiyo.

Si mbegu zingetosha kuihifadhi mimea hii, ziwekwe kwenye friji basi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa mimea ya porini mbegu zinafaa sana: zikikaushwa na kugandishwa hudumu miaka mingi, na mfuko mmoja hubeba vinasaba vya vichaka vingi. Lakini mbegu ya Rubel haioti Rubel. Aina kama hiyo lazima itunzwe ikiwa hai. Kwenye hazina ya mimea ya Corvallis, Oregon, Marekani, iliyoanzishwa 1981, mimea hukaa kwenye vyungu ndani ya vyandarua, vidukari wasiingize virusi. Nakala nyingine hukuzwa kwenye chupa za maabara. Nyingine ni ncha za machipukizi, ndogo mno, zinazozamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Milimani kwetu kuna vichaka vya miiba vyenye vitunda wanavyokula watoto wachungaji. Navyo vina thamani? (Msomaji, Moshi)

Vinayo. Huenda ni jamii ya *Rubus*, ukoo mmoja na rasiberi. Ukisafisha shamba, acha vile vya ukingoni. Kwenye hifadhi usikate kitu bila kibali. Mtaalamu akija kukusanya mbegu, mpeleke kwenye vichaka vingi, vya juu na vya bondeni, hata vyenye matunda madogo: anayechukua kwenye kichaka kinono peke yake anaacha nyuma sehemu kubwa ya alichokifuata.