Jibu: Wanachuo wanajitolea ili wasainiwe fomu tu

Mwalimu, nimekuelewa: wasichana wa chuo chenu wanajitolea ili wasainiwe fomu ya kuhesabu saa za kujitolea, basi. Usiongeze saa. Unganisha huduma na somo: anayefundisha watoto kusoma ahudhurie pia kikao cha bajeti ya shule, aulize nani anaamua vitabu vinunuliwe, kisha aandike alichosikia. Hapo ndipo uraia unapofundishika.

Jane Addams, Mmarekani aliyesoma chuo cha wanawake, alipoanzisha Hull House, nyumba ya kuhudumia wakazi wa mtaa maskini huko Chicago, mwaka 1889, alihamia mtaani kabisa. Nanyi chagueni mtaa mmoja, mkae nao miaka, wenyeji ndio waseme wanahitaji nini.

Kuhusu usalama wao huko mtaani, jioni waende wawili wawili. Wakimkuta mtoto anayepigwa, wasijifanye wapelelezi. Watoe taarifa kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.