Kwa mnaoanza kazi kwenye kiwanda cha boti kinachofufuliwa

Wadogo zangu mlioko Uingereza, mmoja wenu ameniuliza kama akubali kazi kwenye kiwanda cha boti za kifahari kilichofilisika na sasa kimepata wenye mali wapya. Nimemwambia akubali, ila ajue anachoingilia. Mimi ni fundi wa faibaglasi. Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi kilifungwa, tukakaa nyumbani majira ya baridi yote, kisha baadhi yetu tukaitwa tukaanze upya. Jina lake sitalitaja, lakini niliyojifunza pale nataka myapate kabla hamjavaa ovaroli.

Jueni kwanza kilichonunuliwa ni nini. Watu husema "kampuni imenunuliwa", kumbe mara nyingi msimamizi wa ufilisi ameuza vipande: jina, michoro, kalibu (umbo ambalo mwili wa boti hutengenezewa ndani yake), mashine, na boti zilizoishia njiani. Mwaka 2013 kiwanda cha boti cha Sealine, mjini Kidderminster hapa Uingereza, kilifilisika. HanseYachts ya Ujerumani ikainunua, na uzalishaji ukahamia Greifswald. Jina Sealine likaendelea kuandikwa ubavuni mwa boti, ila mafundi wa Kidderminster wakabaki Kidderminster. Fairline nayo, iliyoanza mwaka 1963 huko Oundle, mji mdogo kando ya mto Nene, mbali na bahari, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Desemba 2015, na mamia ya watu wakapoteza kazi. Januari 2016 wawekezaji wa Kirusi wakainunua, wakamleta Alberto Mancini wa Italia achore boti mpya, na kazi ikarudi palepale Oundle. Tangu hapo umiliki umebadilika tena.

Kalibu hupakiwa kwenye lori ikaenda. Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, uliza bila haya: kalibu zinabaki hapa? Majengo ni ya kampuni au ni ya kupanga? Boti zilizo kwenye foleni zina wateja waliolipa malipo ya awali, au zinajengwa tu kwa matumaini?

Habari ya karatasi nitaipitia haraka, ingawa ndiyo imewaumiza wenzetu wengi. Kama biashara imehamia kwa mwenye mali mpya nawe ungali kazini, kuna kanuni za mwaka 2006 zinazolinda mkataba wako, na miaka yako ya utumishi kwa kawaida huendelea kuhesabiwa. Omba tarehe yako ya kuanza kazi iandikwe. Malipo ya kisheria ya kupunguzwa kazi yanahitaji utumishi wa miaka 2 mfululizo, kwa hiyo tarehe hiyo ni pesa. Mwajiri akifilisika kabla hajakulipa, uko mfuko wa serikali unaolipa mshahara uliodaiwa hadi wiki 8 na likizo hadi wiki 6, kwa kiwango chenye kikomo. Na wewe uliyekuja kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri, sikiliza vizuri: leseni ya udhamini, yaani kibali cha mwajiri cha kuwadhamini wageni, haihami na kiwanda. Mwenye mali mpya lazima awe na yake. Udhamini ukikatika, kwa kawaida utapewa siku 60 tu za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Waulize hilo siku ya kwanza, kabla ya kuuliza habari ya ovataimu.

Sasa kazi yenyewe.

Wiki ya kwanza baada ya kurudi, nilipewa kalibu ya boti ya futi 50 na ushee. Karakana ilikuwa imekaa miezi bila kupashwa joto. Mitambo ya joto ikawashwa, kufika saa tatu asubuhi kipimajoto cha ukutani kikasoma nyuzi 20. Nikaona tuko sawa. Nikachanganya jelikoti, yaani tabaka la nje la boti linalopulizwa kwanza kwenye kalibu, na kichocheo cha kuikausha, kwa kipimo kilekile cha siku zote, nikapuliza, tukasubiri muda uleule tuliouzoea, kisha tukaanza kulaza mikeka ya faibaglasi na kuipitisha rola tutoe mapovu. Siku tuliyoutoa mwili wa boti kwenye kalibu, sehemu yote ya mkukuni ilikuwa imejikunja kama ngozi ya mamba. Tulisaga, tukajaza, tukasaga tena. Mteja alikuwa ameshaahidiwa tarehe.

Hewa ilikuwa na joto, lakini kalibu haikuwa nalo. Kalibu ni nene, imekalia fremu ya chuma, na ikilala kwenye baridi miezi mitatu haipati joto kwa asubuhi moja. Isitoshe, mvuke wa staireni, kemikali iliyomo kwenye jelikoti, ni mzito kuliko hewa, unatuama chini kabisa ya kalibu, palepale mkukuni, na unachelewesha jelikoti kukauka. Rezini, ule uji unaoshikanisha mikeka, ikiwekwa juu ya jelikoti ambayo bado ni mbichi, huila na kuikunja. Msimamizi wetu wa zamu, mzee wa Kiingereza aliyekuwa na miaka zaidi ya 30 kwenye kazi hii, hakunifokea. Alinishika mkono, akaugeuza, akaulaza mgongo wa kiganja changu kwenye kalibu iliyofuata. Baridi kama jiwe la kisimani. Kisha akanionyesha namna ya kugusa jelikoti kwa kidole: ikinata bila kubaki kidoleni, endelea, ikibaki kidoleni, subiri. Tangu siku ile napima joto la kalibu, tena chini mkukuni, sipimi la ukutani. Na mvuke huohuo unaoharibu jelikoti ndio unaoingia kwenye mapafu yako unapoinama humo ndani. Barakoa yenye chujio sahihi usiivue, hata kama wenzako wote wamevua.

La pili lilinifundisha zaidi. Wenye mali wapya walileta wasafishaji, na nia yao ilikuwa njema, maana mahali palikuwa pamechakaa. Ukutani, nyuma ya benchi za maseremala, vilikuwa vimening'inia vipande vya plaiwudi vyenye mashimo na alama za penseli. Vikatupwa vyote. Kimoja kilikuwa kimeandikwa "kulia tu". Kilikuwa kipimo cha kutobolea mashimo ya kufungia sitaha kwenye mwili wa boti upande wa kulia, kwa sababu kalibu ile ilijipinda kidogo miaka ya nyuma, na badala ya kuirekebisha mafundi walijitengenezea kipimo. Mchoro wa kompyuta haukuonyesha upindaji huo. Mafundi wawili waliokijua kisa chake walikuwa wameshapata kazi kwingine. Sitaha ya kwanza ilipoteremshwa haikukaa, na tulipoteza karibu wiki mbili kutafuta kosa ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye ubao uliokwenda jalalani.

Kwetu Lamu, mafundi wa Matondoni hujenga jahazi bila mchoro wa karatasi. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hukaa sawa kwa jicho la fundi. Nilipofika huku nilidhani kiwanda chenye kompyuta ni kitu kingine kabisa. Sivyo. Elimu kubwa ya boti hizi nayo imo vichwani na mikononi mwa watu, na kiwanda kinapofungwa watu hao hutawanyika kwanza, kabla ya mashine. Kwa hiyo ukiingia, mtafute aliyekuwepo kabla ya ufilisi, hata kama sasa amepewa kazi ya kufagia. Muulize kila alama ya penseli unayoiona, uandike jibu, upige picha. Mimi nina madaftari matatu, na meneja wa uzalishaji ameshayaazima kwangu mara kadhaa.

Kisha jifunze kuusoma mstari wa uzalishaji. Kwenye boti za ukubwa huu injini hushushwa kabla sitaha haijafunikwa. Injini isipofika, sitaha haifungwi, maseremala hawaingii, mafundi umeme hawaingii. Na muuzaji aliyedhulumiwa kwenye ufilisi wa kwanza hatoi tena kwa mkopo. Anataka pesa kabla ya mzigo. Kwa hiyo mimi siangalii hotuba za ukumbini wala nembo mpya getini. Naangalia miili ya boti iliyo wazi juu. Ikiwa moja inasubiri injini wiki mbili, ni kawaida. Zikiwa tatu zimepangwa wazi mwezi mzima, na mapipa ya rezini yameanza kuletwa mojamoja badala ya kwa paleti, naanza kusasisha wasifu wangu wa kazi jioni hiyohiyo.

Kiwandani kwetu, mwaka ule, injini mbili za kwanza zilifika Alhamisi alasiri mvua ikinyesha. Kreni ilipozishusha, karakana nzima ilisimama kutazama, na yule mzee wa zamu akavua kofia yake.