Kwa mhariri anayeanza: usiling'oe neno usilolijua

Wewe uliyeingia kwenye uhariri mwaka huu, kabla hujashika kalamu nyekundu, mfahamu Ford Madox Ford, mwandishi na mhariri wa Kiingereza. Alianzisha jarida la The English Review jijini London mwaka 1908, akawachapa waandishi mashuhuri akina Thomas Hardy na Henry James, huku akiwasaka wasiojulikana.

Mwaka 1909 binti mmoja, Jessie Chambers, alimpelekea mashairi ya rafiki yake, mwalimu wa shule aitwaye D. H. Lawrence. Baadaye ikaja hadithi fupi. Ilianza na injini ndogo ya treni, namba 4, ikishuka kwa kishindo na mabehewa saba yaliyojaa. Ford alisimulia kwamba aya ile ya kwanza ilimtosha. Namba ile na mabehewa yale vilimwonyesha kuwa mwandishi anayajua maisha ya migodi ya makaa ya mawe, hakuhadithiwa. Akautia mswada kwenye kapu la kazi zilizokubaliwa.

Mimi nilifanya kinyume. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa hadithi ya kijana wa Ukerewe, mtoto wa wavuvi. Aliandika "siku ya tatu ya giza". Nikaona kakosea, nikaweka "usiku wa tatu". Alipoiona akaniambia taratibu: "Dada, giza ndio msimu wetu wa kazi. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati karabai." Hadithi nzima ilikuwa imeshikiliwa na neno hilo, kwamba siku za kuvua zinahesabika, nami nimeling'oa nikijiona fundi. Tulilirudisha. Aibu yake ninayo hadi leo. Kwa hiyo neno likikutatiza, mpigie mwandishi simu kwanza.

Tena Ford alifundisha. Mwaka 1924, akihariri jarida jingine Paris, alimchapa mwandishi Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, Karibi. Alimshauri kwamba akiitilia shaka aya, aitafsiri. Ikionekana ya kipuuzi katika lugha ya pili, aitupe. Waandishi wangu huwaambia waisimulie aya kwa lugha ya nyumbani, Kikerewe au Kisukuma. Maneno ya kujazia hukosa pa kukaa.

Hesabu za fedha zitunze, maana hizo zilimshinda Ford. Jarida la London lilimtoka mikononi baada ya mwaka mmoja hivi, na la Paris halikudumu zaidi ya hapo. Lakini mwaka 1937, akiwa na zaidi ya miaka 60, alikuwa chuo cha Olivet, Michigan, Marekani, akifundisha vijana kuandika.