Maji ya kunawa ya Rabi Salanter

Ndugu yangu, umeuliza kama mafundisho ya marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, yanamgusa mtu wa kawaida au ni sheria za sinagogi tu. Yanamgusa sana. Mchukue Rabi Israel Salanter wa Lithuania, aliyefariki mwaka 1883, mwanzilishi wa vuguvugu la Musar, yaani la kurekebisha tabia.

Myahudi anayeshika dini hunawa mikono kwa kumiminia maji kabla ya kula mkate, na Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inasifu kunawa kwa maji tele. Sasa, inasimuliwa kwamba Salanter alialikwa chakula akanawa kwa maji kiduchu, kile kiasi cha chini kabisa kinachokubalika. Watu wakashangaa. Akawaeleza kuwa yupo mtumishi wa kike anayeteka maji yale mbali na kuyabeba mabegani, na mtu hafai kujiongezea thawabu juu ya mabega ya mwenzake.

Mimi nimekua nikipanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani, najua inavyokandamiza shingo. Kisa hiki sijakisahau.

Kipo kingine. Wanafunzi wake walikwenda kusimamia uokaji wa matza, mkate usiotiwa chachu wa Pasaka ya Kiyahudi. Unga ukishakutana na maji hauachwi ukae dakika 18 bila kushughulikiwa, usije ukahesabiwa umechacha, kwa hiyo kila mtu kule hukimbizana na saa. Wakamuuliza wawe waangalifu na nini zaidi. Akawaambia mwanamke anayekanda ni mjane, wasimfokee.