Mgodi ukichafua mto, mhimili upi wa serikali ya jimbo huanza?

SWALI: Nasoma muundo wa serikali za majimbo ya Marekani. Mgodi ukichafua mto, nani anawajibika kwanza? Na mahakama inaingiaje, ilhali haitungi sheria?

JIBU: Anza na mhimili wa utendaji, kwa sababu ndiko vibali vinakotoka. Chukua Montana. Idara ya Ubora wa Mazingira, iliyo chini ya gavana, ndiyo hutoa kibali cha kumwaga majitaka mtoni, hukagua na kutoza faini. Viwango vya chini vinatokana na Sheria ya Maji Safi ya shirikisho ya 1972. Jimbo laweza kuvikaza, haliruhusiwi kuvilegeza.

Bunge la jimbo hutunga sheria zinazoiongoza idara hiyo. Gavana akiukataa muswada kwa kura ya turufu, theluthi mbili za kura katika Seneti na katika Baraza la Wawakilishi zinaweza kumpiku.

Sasa mahakama, na hapa nakuomba usome taratibu, maana wengi hupakosea. Katiba ya Montana ya 1972 inampa kila mkazi haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwaka 2020 vijana na watoto 16 waliishtaki serikali ya jimbo wakidai haki hiyo imevunjwa. Kesi ikiwa bado mahakamani, mwaka 2023 bunge likakataza idara kuzingatia gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) katika tathmini ya athari kwa mazingira. Agosti mwaka huohuo Jaji Kathy Seeley aliitangaza sheria hiyo kuwa batili, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Montana ikakubaliana naye, majaji sita kwa mmoja.

Hukumu hiyo haikufunga mgodi wowote wala kuweka kikomo cha gesi. Iliondoa kitambaa ambacho bunge lilikuwa limeifunga idara machoni. Kuamua juu ya kila kibali kulibaki kazi ya idara. Kwangu mimi huo ni ushindi mkubwa, kwa kuwa afisa aliyekatazwa kutazama madhara hawezi kuyazuia.

Kwa hiyo, kwa mgodi wako, tafuta kwanza rasimu ya kibali na siku ya mwisho ya wananchi kutoa maoni. Peleka pingamizi kwa maandishi, pamoja na vipimo vya maji kama unavyo. Shauri likifika mahakamani, kwa kawaida jaji hupitia jalada la idara, na hoja ambayo hukuiwasilisha mapema inaweza kukataliwa.