Yaya docta, ni kweli mliwapenda maprof wa upasuaji?

SWALI: Jambo yaya docta. Niko nasoma udaktari hapa Lubumbashi, mwezi ujao naanza staji ya upasuaji, yale mazoezi ya kazi hospitalini. Wakubwa wanatutisha eti maprof wa upasuaji ni wakali ajabu, lakini wao wenyewe wakianza kukumbuka staji yao wanacheka na kuwasifu mpaka usiku. Tushike lipi? Na walimu hao waliwapa nini kisichokuwa kwenye silabusi? – Mwanafunzi, Kamalondo

JIBU: Mudogo yangu, shika yote mawili. Wakali walikuwa, na tuliwapenda sana.

Mimi staji niliifanya pale hospitali ya Sendwe, wakati filamu za radio, yaani picha za eksrei, zilikuwa za kutafuta. Siku moja akaletwa kijana toka Katuba, homa ya muda mrefu, tifoidi, tumbo limekaza kama ubao. Sisi wastajeri tukaanza kuulizana radio itapigwa wapi. Prof hakutujibu kitu, akasugua mikono yake ipate joto, akamsalimia kijana na mama yake, akawauliza habari za nyumbani, ndipo akaanza kugusa tumbo, anaanzia mbali na penye maumivu, na macho yake hayako kwenye tumbo, yako kwenye uso wa mgonjwa. Akafika upande wa ini akagonga kidole juu ya kidole, na pale ambapo sauti inatakiwa kuwa nzito ikatoka wazi, tupu. Akasema hewa imetoka kwenye utumbo imepanda mpaka juu ya ini, utumbo umetoboka, twende bloku, chumba cha upasuaji. Lakini kabla ya kwenda akatuita tugonge na sisi, polepole, tusimuumize. Ile sauti ninayo vidoleni mpaka leo! Tumbo likafunguliwa, tundu lilikuwa mwisho wa utumbo mdogo, ndiko tifoidi inakotoboa mara nyingi. Kijana alirudi kwao anatembea.

Halafu mafundo. Eee, mafundo! Tulifunga uzi kwenye mguu wa kiti, kwenye kitanda, ndani ya basi ya kwenda kampasi, mkono mmoja, macho tumefunga. Prof akipita anavuta fundo lako kwa pensi, kile kibanio cha chuma, likiteleza anasema "rudia" na anaenda zake. Wakati tunarudia anatusimulia habari za Ambroise Paré, yule mpasuaji Mfaransa ambaye mwaka 1552, vitani, badala ya kuchoma jeraha la mguu uliokatwa kwa chuma cha moto alifunga mishipa ya damu kwa uzi, na ambaye alizoea kusema yeye alimfunga tu mgonjwa kidonda, aliyemponya ni Mungu. Prof alisema fundo baya halitelezi mchana ukiwa hapo, linateleza usiku mgonjwa yuko peke yake wodini.

Jambo lingine ninalolikumbuka kwa heshima kubwa ni kuhesabu kompresi, vile vitambaa vya kufyonza damu. Siku moja prof ameshashika uzi wa kufungia tumbo, anfirmye (muuguzi) mmoja mzee akasema hesabu haifiki. Prof akaweka uzi chini palepale, hakununa, bloku zima likatafuta, kompresi ikaonekana chini ya meza. Akamwambia yule mzee asante, mbele yetu sote. Hapo nilijifunza nani wa kusikilizwa ndani ya bloku.

Ukali wao ulikuwa na chanzo, usiuchukulie kama chuki. Wakati wa Wabelgiji Mkongomani mwenye kipaji alisomeshwa uganga mpaka asistanti medikali, yaani msaidizi wa daktari, basi, hata Jason Sendwe mwenyewe, ambaye hospitali ina jina lake, alikuwa asistanti medikali kabla ya siasa. Ni baada ya uhuru wa 1960 ndio wengi wakapelekwa Ufaransa kumalizia udaktari. Walimu wetu walikuja nyuma ya watu hao, walijua ukipangwa huko ndani, mbali na mji, mama mwenye mimba akikwama au mtu mwenye ngiri iliyonyongwa (utumbo umebanwa) akifika saa nane ya usiku, hakuna mkubwa wa kumwita.

Kwa hiyo ukianza staji omba garde (zamu) ya usiku, ndipo prof anapoongea sana, akimaliza kazi, chai mkononi. Uzi wa kujifunzia usinunue. Waombe anfirmye wa bloku kwa adabu, ule uliopita tarehe huwa wanawawekea wastajeri.